DHAMBI YA ADAMU NA MTOTO MCHANGA
Itikadi ya Wakristo juu ya uovu, uasi na ukombozi, na jawabu la Uislamu

Ndugu wasomaji, katika miji yetu ya pwani, na katika miji mingi ya bara, nyumba ya Mwislamu na nyumba ya Mkristo zimekaa ukuta kwa ukuta. Mtoto akizaliwa katika nyumba ya kwanza huadhiniwa sikioni, na siku ya saba huchinjiwa akika, akanyolewa nywele na kupewa jina. Mtoto akizaliwa katika nyumba ya pili, ikiwa watu wake ni Wakatoliki, au Waanglikana, au Walutheri, hupelekwa kanisani akabatizwa kwa maji. Mpita njia huweza kudhani kwamba hizi ni desturi mbili za namna moja, kila watu na mila yao. Sivyo hivyo. Adhana ile ni kumsikilizisha jina la Mola wake mja aliyekuja duniani hali ya kuwa safi, na akika ni shukrani ya wazazi. Ubatizo, kwa mafundisho ya makanisa hayo, una maana nyingi, na mojawapo iliyo kubwa ni kumwondolea mtoto dhambi aliyozaliwa nayo.

Ni dhambi gani hiyo, ya mtoto ambaye hajatamka neno wala hajainua mkono? Katika swali hili moja zimo itikadi zote kubwa za Wakristo juu ya uovu, juu ya kumwasi Mungu, na juu ya ukombozi. Mwenye kulifahamu amefahamu kwa nini jirani yake anamhitaji mkombozi, na kwa nini sisi twamwambia kila mtu atubu mwenyewe.

Vijana wetu hukutana na jambo hili shuleni, kazini na safarini. Tangu uamsho wa dini ya Kikristo ulioenea kutoka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, ambao wafuasi wake huko Uganda waliitwa Balokole, yaani waliookoka, swali la "Umeokoka?" limekuwa swali la kawaida katika Afrika ya Mashariki. Kijana wa Kiislamu aulizwapo hivyo, pengine hucheka, pengine hunyamaza. Kicheko ni utovu wa adabu, na kimya chaweza kudhaniwa kuwa ni kushindwa. Qur'ani Tukufu, katika Sura ya 29, imetuamuru tusijadiliane na Watu wa Kitabu ila kwa njia iliyo nzuri. Na njia nzuri huanza kwa kujua mwenzako anaamini nini hasa, wala si kwa kumsingizia asilolisema. Basi na tuyatazame mafundisho yao kama wao wenyewe wanavyoyaeleza, kisha tutaje ya kwetu.

YALE TUSIYOHITILAFIANA

Kwanza yafaa yatajwe yale ambayo sisi na wao hatugombani. Wote twaamini kwamba Mungu ndiye Muumba wa kila kitu, kwamba alimwumba Adamu akamweka katika bustani yeye na mkewe, kwamba walikatazwa mti mmoja, kwamba mdanganyifu aliwashawishi wakala, na kwamba wakatolewa humo. Wote twaamini kwamba Shetani ni kiumbe tu, si mungu wa pili mwenye kushindana na Mungu kwa nguvu zilizo sawa.

Jambo hili la mwisho si dogo. Katika karne ya 3 alitokea katika dola ya Uajemi mtu aliyeitwa Mani, akafundisha kwamba tangu azali pana asili mbili, nuru na giza, na kwamba dunia hii ni uwanja wa vita vyao. Mafundisho yake yalienea kutoka Afrika ya Kaskazini mpaka China. Wakristo waliyakataa, na Waislamu waliokuja baadaye waliyakataa vilevile. Kwetu sisi na kwao uovu hauna ufalme wake wenyewe. Ni uasi wa viumbe waliopewa hiari.

UASI WA SHETANI

Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 3, anayemdanganya Hawa ni nyoka, na jina la Shetani halikutajwa hapo. Ni katika kitabu cha mwisho cha Biblia, yaani Ufunuo, sura ya 12, ndimo yule nyoka wa zamani anapoitwa Ibilisi na Shetani. Habari za kuasi kwake mbinguni Wakristo wa kale walizikusanya kutoka mahali mbalimbali. Origen wa Alexandria, mwanachuoni wao wa karne ya 3, aliyasoma maneno ya Isaya, sura ya 14, ambayo kwa dhahiri yake yanamshutumu mfalme wa Babeli, akayafahamu kuwa ni habari za kuanguka kwa Shetani. Kutoka katika maneno hayo, kwa njia ya tafsiri ya Kilatini, likapatikana jina Lucifer, ambalo maana yake ya asili ni nyota ya asubuhi. Mwaka 1667 mshairi wa Kiingereza John Milton, naye alikuwa kipofu, alitoa utenzi mrefu uitwao Paradise Lost akausimulia uasi huo. Katika utenzi wake Shetani aliingiwa na kijicho alipoona Mwana wa Mungu anatukuzwa mbele ya malaika. Sura ya Shetani waliyo nayo wengi wa wasemao Kiingereza, ya malaika mkuu mwenye kiburi aliyeshindwa vita, imetoka kwa Milton zaidi kuliko katika Biblia yenyewe.

Katika Qur'ani kisa cha Ibilisi kumkataa Adamu kimetajwa katika Sura saba. Aliamrishwa kumsujudia Adamu akakataa, akajisifu kwamba yeye ameumbwa kwa moto na Adamu kwa udongo. Sura ya 18 yabainisha kwamba alikuwa miongoni mwa majini. Kwa hiyo hapana haja ya kusema kwamba malaika wa Mungu walimwasi. Na ajabu moja ni hii: kiko kitabu cha kale kisichokuwamo katika Biblia, kiitwacho Maisha ya Adamu na Hawa, ambacho Wakristo wa zamani walikisoma kwa lugha mbalimbali, na katika nakala zake za Kilatini Shetani anasimulia kwamba alifukuzwa kwa sababu alikataa kumwinamia Adamu.

AUGUSTINO NA DHAMBI YA ASILI

Mpaka hapa tofauti zetu ni za masimulizi. Tofauti ya msingi inaanza tunapouliza: baada ya Adamu kula tunda lile, wanawe walipatwa na nini?

Mtume wao Paulo, katika barua yake kwa Warumi, sura ya 5, alifundisha kwamba kwa mtu mmoja dhambi iliingia ulimwenguni, na kwa dhambi ikaingia mauti. Na kwamba kwa mtu mmoja vilevile, naye ni Kristo, watu wapata haki. Lakini aliyeyapanga mafundisho haya hata yakawa itikadi kamili ya makanisa ya Magharibi ni mtu wa bara letu la Afrika. Jina lake ni Augustino. Alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, ulio katika Algeria ya leo, na katika ujana wake aliwafuata watu wa Mani kwa muda wa miaka kama tisa. Alibatizwa mwaka 387, akawa askofu wa mji wa Hippo, akafa mwaka 430 mji huo ukiwa umezungukwa na jeshi la Wavandali.

Augustino hakuwa mtu wa mzaha. Katika kitabu chake cha Maungamo anaeleza jinsi alivyoiba mapeya usiku pamoja na vijana wenzake alipokuwa na umri wa miaka 16, wala hawakuwa na njaa. Waliiba kwa kuwa wizi wenyewe uliwapendeza. Anaeleza tena kwamba alimwona mtoto wa kunyonya, ambaye hajajua kusema, akimkazia macho ya wivu mwenziwe anayenyonya pamoja naye. Akajiuliza: uovu huu umetoka wapi, ikiwa mtoto huyu hajafundishwa na mtu? Akajibu kwamba wanadamu wote walikuwamo ndani ya Adamu alipoasi, na kwa hiyo kila azaliwaye hurithi vitu viwili: upotofu wa tabia, na hatia yenyewe. Tafsiri ya Kilatini aliyoitegemea ilimsaidia, kwa kuwa maneno ya Paulo yalisomeka humo kana kwamba wote walitenda dhambi ndani ya Adamu. Lakini wafasiri wengi wa Kiyunani huyafahamu maneno yale kuwa mauti yalienea kwa sababu kila mtu alitenda dhambi yake.

Katika zama zake alikuwako mtawa aliyetoka Uingereza, jina lake Pelagius, aliyekaa Roma. Huyu aliwaona Wakristo wa mji ule wakiishi maisha ya anasa huku wakijitetea kwamba mwili ni dhaifu. Akawaambia kwamba Mungu hamwamrishi mja asiloliweza, na kwamba Adamu alijidhuru nafsi yake na kuwapa wanawe mfano mbaya, lakini hakuwarithisha hatia. Maaskofu wa Afrika walikutana Carthage mwaka 418 wakayakataa mafundisho hayo. Askofu mmoja wa Italia, Julian wa Eclanum, alikataa kutia sahihi hukumu ile akafukuzwa katika nchi yake. Na huko uhamishoni aliendelea kumwuliza Augustino: Mungu aliye mwadilifu atamtiaje hatiani mtoto mchanga kwa tendo la hiari ya mtu mwingine? Augustino alikuwa bado anaandika jawabu la swali hilo mauti yalipomfikia. Tusifanye haraka kumfanya Pelagius kuwa Mwislamu, maana aliamini Utatu kama wenziwe. Lakini yafaa kijana wa Kiislamu ajue kwamba swali analouliza yeye leo liliulizwa na Wakristo wenyewe karne mbili kabla ya kuteremshwa Qur'ani.

Na tena asiseme mtu kwamba Wakristo wote wasema hivi. Makanisa ya Kiorthodoksi ya Mashariki, kama ya Wayunani na Warusi, hufundisha kwamba wana wa Adamu wamerithi mauti na udhaifu, si hatia ya baba yao. Kanisa Katoliki, katika mkutano wa Trento mwaka 1546, lilithibitisha kwamba dhambi hiyo hupita kwa uzazi na kwamba huondolewa kwa ubatizo. Na Katekisimu yake ya mwaka 1992 yaeleza kwamba ni hali ambayo mtu huzaliwa nayo, si tendo alilolitenda. Luther na Calvin, viongozi wa Waprotestanti, walikaza zaidi wakasema kwamba tabia ya mwanadamu imeharibika hata hawezi kujielekeza kwa Mungu kwa nguvu zake. Wabaptisti nao hawambatizi mtoto mchanga kabisa, bali humngoja mtu akiri imani mwenyewe. Na Mayahudi, ambao kitabu cha Mwanzo ni chao tangu asili, hawana itikadi ya kwamba mtoto huzaliwa na hatia ya Adamu.

SWALI LA WATOTO WALIOKUFA

Itikadi hupimwa pale inapomfikia mama aliyefiwa. Ikiwa mtoto huzaliwa na hatia, na hatia huondolewa kwa ubatizo, je, aliyekufa kabla ya kubatizwa yu wapi? Augustino hakulikimbia swali hili. Alisema kwamba mtoto huyo yumo katika adhabu, ijapokuwa ni adhabu iliyo nyepesi kuliko zote. Wanavyuoni wa karne zilizofuata waliona uzito wa neno hilo wakalilainisha. Abelard wa Ufaransa, aliyekufa mwaka 1142, alisema adhabu ya mtoto huyo ni kukosa tu kumwona Mungu. Na Thomas Aquinas, aliyekufa mwaka 1274, alisema watoto hao hawana maumivu yoyote, bali wana furaha ya kadiri ya maumbile yao. Mahali pao pakaitwa Limbo, yaani ukingo, na kwa karne nyingi wazazi wa Kikatoliki walifundishwa hivyo.

Mwezi wa Aprili mwaka 2007 tume ya wanavyuoni wa Vatikani ilitoa waraka kwa idhini ya Papa Benedikto wa 16. Waraka huo ulisema kwamba Limbo haikuwa kamwe itikadi iliyofungwa, na kwamba ziko sababu za kutumaini kuwa watoto waliokufa bila ya ubatizo wataokolewa na rehema ya Mungu. Hatulitaji jambo hili kwa kushangilia. Twalitaja kwa kuwa linaonyesha kwamba moyo wa mwanadamu, hata ukiwa umefundishwa vingine, hauwezi kutulia juu ya hukumu ya mtoto asiye na kosa.

Na insafu yatutaka tuseme kwamba wanavyuoni wetu pia walijadili habari za watoto. Juu ya watoto wa Waislamu waliokufa wadogo, wengi mno wa wanavyuoni walikubaliana kwamba ni watu wa Peponi. Juu ya watoto wa wasio Waislamu walihitilafiana. Wengine walinyamaza wakasema Mungu ndiye ajuaye. Imamu Nawawi, aliyekufa mwaka 1277, aliichagua kauli ya kwamba hao nao ni watu wa Peponi, akiitegemea hadithi iliyomo katika Bukhari, ambayo ndani yake Mtume (S.A.W.) alimwona Nabii Ibrahimu (A.S.) katika bustani amezungukwa na watoto, na watoto wa washirikina wakiwa miongoni mwao. Pamoja na hitilafu hizo, hakuna katika wanavyuoni wa Sunna aliyesema kwamba mtoto huadhibiwa kwa kosa la Adamu.

KWA NINI FIDIA?

Mtu akikubali kwamba wanadamu wote wamezaliwa na hatia wasiyoweza kuiondoa, mara atauliza nani atawaondolea. Hapo ndipo inapoingia itikadi ya ukombozi kwa kifo cha Nabii Isa (A.S.), ambaye wao humwamini kuwa Mwana wa Mungu. Kwamba alikufa kwa ajili ya dhambi za watu, wote wanalikubali. Lakini namna kifo hicho kinavyookoa, wameieleza kwa njia nyingi. Baadhi ya wa kale walisema kwamba wanadamu walikuwa mateka wa Shetani na kifo cha Kristo kilikuwa fidia. Gregory wa Nyssa, katika karne ya 4, alifananisha jambo hilo na ndoana: Shetani aliuona ubinadamu wa Kristo akaumeza kama chambo, akanaswa na uungu uliofichika ndani yake.

Anselm, askofu mkuu wa Canterbury, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1098, alikataa kwamba Shetani ana haki yoyote ya kulipwa. Alisema deni ni la Mungu mwenyewe: dhambi imeivunja heshima ya asiye na mwisho, kwa hiyo malipo yake hayana mwisho, apasaye kulipa ni mwanadamu, na awezaye kulipa ni Mungu peke yake, basi lazima alipe aliye Mungu na mwanadamu pamoja. Calvin baadaye alikaza kwamba Kristo aliichukua adhabu iliyowastahili watu. Abelard, kwa upande wake, alisema nguvu ya kifo kile ni mapenzi yaliyodhihirishwa, yanayouamsha moyo wa mtu naye apate kupenda.

Waislamu huuliza: je, mwenye deni hawezi kusamehe bila ya kulipwa? Katika Injili ya Luka, sura ya 15, kimo kisa cha mwana mpotevu aliyerudi kwa baba yake, na baba akamkumbatia asidai kitu. Mkristo mwenye elimu atakujibu kwamba msamaha haukosi gharama, na kwamba baba yule aliibeba hasara mwenyewe. Jawabu hilo lina uzito kwa wanadamu, maana mimi nikikusamehe shilingi mia nimepungukiwa na shilingi mia. Lakini Mola ambaye hazina zake hazipungui hapati hasara kwa kusamehe, wala haongezewi kitu kwa kulipwa.

JAWABU LA UISLAMU

Jawabu letu lina mambo manne, na kila mzazi yafaa ayajue kwa moyo.

La kwanza, Adamu alisamehewa. Qur'ani, katika Sura ya 2 na ya 20, yatwambia kwamba Mola wake alimfundisha maneno ya toba, akaipokea toba yake, akamteua na kumwongoza. Basi deni lililofutwa kwa baba halina hati ya kudaiwa wanawe. Na kushuka duniani hakukuwa kifungo. Kabla ya Adamu kuumbwa malaika walikwisha kuambiwa kwamba ataletwa khalifa katika ardhi.

La pili, kila nafsi yachukua mzigo wake, wala hapana abebaye mzigo wa mwingine. Neno hili limekaririwa katika Sura tano: ya 6, ya 17, ya 35, ya 39 na ya 53. Nabii Ezekieli naye, katika Biblia ya Wakristo, sura ya 18, afundisha kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba. Watasema kwamba dhambi ya asili ni kama umaskini, na mtoto wa aliyefilisika huzaliwa maskini. Sawa, lakini sheria yetu ya mirathi yafundisha kwamba deni la maiti hulipwa katika mali aliyoiacha, na ikiwa haikutosha, mrithi hapelekwi kwa kadhi kwa deni asilolikopa. Umaskini hurithiwa, kesi hairithiwi.

La tatu, mtoto huzaliwa katika fitra, yaani katika maumbile yaliyo safi na yenye kuelekea kwa Mola wake. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Haina maana kwamba mtoto ni malaika. Qur'ani yasema katika Sura ya 4 kwamba mwanadamu ameumbwa dhaifu, na katika Sura ya 12 kwamba nafsi huamrisha maovu. Wivu wa mtoto yule aliyeonwa na Augustino ni wa kweli, na kila mama ameuona. Lakini udhaifu si hatia. Kalamu haimwandikii mtoto dhambi mpaka abaleghe.

La nne, Hawa hakulaumiwa peke yake. Tertullian wa Carthage, katika karne ya 3, aliwaambia wanawake kwamba wao ni mlango alioingilia Shetani, kwa kuwa mama yao ndiye aliyeanza. Qur'ani yasema kwamba Shetani aliwashawishi wote wawili, na katika Sura ya 20 yamtaja Adamu mwenyewe kuwa ndiye aliyenong'onezwa. Wote wawili wakakiri kwamba wamejidhulumu nafsi zao. Hapo ndipo walipotengana na Ibilisi. Yeye alikosa akajisifu, kisha akamsukumia Mola wake lawama. Wao walikosa wakakubali kosa. Kwa hiyo uovu kwetu si ugonjwa wa damu, ni njia mbili zilizo wazi mbele ya kila mkosaji.

YANAYOTUPASA NYUMBANI

Ikiwa haya ndiyo tunayoyaamini, basi yatulazimu sisi kabla ya kumlazimu jirani.

Mwislamu asiyemtegemea mkombozi hana ruhusa ya kuitegemea nasaba. Mtume (S.A.W.) alimwambia binti yake Fatma kwamba hatamfaa kitu mbele ya Mungu, basi atende mwenyewe. Twaamini shafaa siku ya Kiyama, naam. Lakini shafaa ni kuombewa kwa idhini ya Mungu, si kubebewa dhambi. Imamu Nawawi ameeleza kwamba toba ina sharti tatu: kuliacha kosa, kulijutia, na kuazimia kutolirudia, na ikiwa kosa limegusa haki ya mtu, sharti la nne ni kumrudishia haki yake. Basi aliyekula mali ya yatima, au aliyemnyima dada yake fungu lake la urithi, asijidanganye kwa kulia msikitini mwezi wa Ramadhani huku shamba la wenyewe li mkononi mwake. Kijana atakayeulizwa kama ameokoka, na ajibu kwa upole kwamba yeye hutubu kwa Mola wake kila siku, kisha ajitazame kama kweli anafanya hivyo.

Na liko jambo moja zito kuliko hayo, nalo limo mitaani mwetu. Huzaliwa mtoto nje ya ndoa, na tangu siku ile watu humwita mwanaharamu. Majirani hunong'ona, wenziwe hufundishwa kumkwepa, na akija kuposa hurudishiwa posa yake kwa ajili ya kosa lililotendwa kabla yeye hajaumbwa. Ndugu zangu, kuna tofauti gani kati ya hayo na kumtia mtoto hatiani kwa kosa la Adamu? Wakristo waliosema hivyo angalau walimpelekea maji ya kumtakasa; sisi twamwachia jina lile mpaka kaburini. Sheria yetu imemnasibisha mtoto huyo na mama yake, imempa haki ya kulelewa, kusomeshwa na kuheshimiwa, na kosa imeliandika kwa waliolitenda, ambao nao mlango wa toba haukufungwa mbele yao. Mwenye kumtukana amezikanusha kwa ulimi wake Sura zile tano.

Mwisho, jirani yako Mkristo akifiwa na mtoto mchanga, usiende msibani kwake na hoja. Nenda na mkono wa pole, msaidie kubeba anachobeba, umwambie kwamba mtoto wake hakuwa na kosa. Hilo ni kweli kwa dini yako, na leo wako wengi katika dini yake watakaolipokea kwa faraja.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupokelee toba zetu kama alivyoipokea ya baba yetu Adamu na mama yetu Hawa, awalinde watoto wetu katika fitra aliyowaumbia, na asitufanye kuwa mzigo juu ya wasio na hatia. Amin.